Maharage Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja dogo la mbao lililotazama uani. Tulikipenda kwa sababu hiyo. Kule Gihundwe, pembeni mwa mji wa Kamembe, chumba chenye madirisha makubwa kina baridi, na wezi hukiona haraka. Mlango ulikuwa wa mbao uliopigwa bati, na chini yake mwenzangu aliziba nafasi kwa gunia ili maji ya mvua yasiingie. Nataja vitu hivi mapema kwa sababu ndivyo vilivyokaribia kumuua, na kwa miezi mizima sisi sote uani tulikuwa tukimtazama mtu badala ya vitu hivyo.

Tulikuwa wanafunzi wawili, wavulana, na hakuna kati yetu aliyejua kupika. Mimi nimetoka Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, ambako wali ulinifikia kwenye sahani bila mimi kujua umepitia wapi. Mwenzangu ni wa Rwimbogo, mtoto pekee wa mama mjane anayelima mihogo na viazi vitamu. Mwanzoni tuliishi kwa mkate na chai. Mkate ulipotuchosha tukanunua mbabura, lile jiko dogo la makaa, na sufuria moja, na mfuko wa maharage, tukakaa uani kama watu wanaojua wanachofanya.

Maharage yale tuliyatia chumvi tangu mwanzo. Maji yalikauka, tukaongeza ya baridi, yakakauka tena. Jua lilipoanza kushuka, chini yalikuwa yameungua na juu yalikuwa magumu. Ndipo mama mmoja alipotoka chumba cha ng'ambo ya ua, mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko.

“Munapika nini pale, batoto?”

“Maharage, Maman.”

Akainama, akachukua punje moja, akaibana kwa vidole viwili. “Hii iko mawe. Munataka kujenga nyumba?”

Fundi wa kushona wa chumba cha kona akacheka mpaka akasimamisha cherehani yake.

Mama yule alikuwa amevuka mpaka kutoka Bukavu mambo ya huko yalipoharibika. Alikuwa peke yake. Alikaanga mandazi kila alfajiri na kuyauza kando ya barabara, pale wanafunzi na wauguzi wanapopita kwa miguu na vijana wa pikipiki wanaposimama kungoja abiria. Mandazi yale ndiyo yaliyomlipia chumba na kumlisha. Kila mtu alimwita Maman tu, bila nyongeza.

Ndiye aliyetufundisha. “Maharagi haina haraka,” alisema. “Unalowesha jioni, asubuhi unamwaga ile maji. Unaweka ku moto, unafunika na jani la mugomba, unaenda kusoma kitabu yako. Chumvi ni ya mwisho. Ukitia mbele, anakaza ngozi, anakukatalia.”

Tukajifunza. Kitunguu kikaangwe kwenye mawese mpaka harufu ya ubichi iondoke, ndipo nyanya ziingie. Lengalenga, yaani mchicha, zisipikwe kwa maji, majani yenyewe yana maji ya kutosha. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, wakaangwe wakiwa wamekauka kabisa, la sivyo watageuka uji. Bugali wa muhogo ugeuzwe kwa nguvu za bega. Mkono peke yake hauwezi. Siku nilipoupata vizuri, Maman alisimamisha mwiko katikati ya sufuria, ukasimama bila kushikwa.

“Sasa unaweza kuoa,” akasema.

“Aanze kunawa miguu kwanza,” akasema fundi wa kushona.

Nadhani hizo zilikuwa wiki zetu nzuri kuliko zote. Tulikula tukashiba, na tulikula chakula chetu wenyewe. Maman alitupa chupa ya mawese kutoka kwake, akakataa tumrudishie chochote.

Kisha mvua zikaanza. Mvua ya Rusizi haina adabu. Huanza mchana na kukaa kama mgeni aliyeleta mikeka yake. Uani palijaa maji. Baraza lilikuwepo, lakini mzee mwenye nyumba alikuwa amelitia saruji upya baada ya mbabura za wapangaji wa zamani kulipasua. Alipita chumba kwa chumba kutoa amri yake: atakayeweka jiko juu ya baraza atafute nyumba nyingine. Kwa hiyo kila mvua ilipoanza kunyesha tulibeba mbabura ndani, tukaiweka kati ya kitanda na mlango. Maharage yanataka mchana mzima, nasi mchana mzima tulikuwa tumejifungia na makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo. Tuliona ni raha. Chumba kilikuwa na joto, na harufu ilikuwa ya nyumbani.

Mwenzangu ndiye aliyeanza kulalamika kichwa. Alisema ni kusoma. Kisha akasema ni mwanga wa simu. Mimi pia kilinigonga, lakini si kama chake, kwa sababu mimi nilipenda kutoka: nyanya, chumvi, mazungumzo ya barabarani. Yeye alijilaza kitandani na vitabu vyake, akachunga sufuria. Jioni tulipokula alikula kidogo, akatoka, akatapika nyuma ya choo. Uso wake ukawa na rangi ya majivu. Siku moja alijaribu kusimama magoti yakamkataa, akakaa chini akicheka, nami nikacheka naye.

Nilikuwa na tabia ya kupanga mambo, hili lifuate lile. Nikaona kwamba nikienda Bugarama mwisho wa juma kichwa kinapona, nikirudi Gihundwe kinarudi. Nikaona kwamba tunaumwa siku tunazopika, na siku tunazokula mkate hatuumwi. Yote mawili yalikuwa kweli. Niliyasema uani, na fundi wa kushona aliyasikia. Akasimamisha cherehani yake.

“Mawese mnayapata kwa nani?” akauliza.

Sikuelewa swali mara moja. Nilipolielewa, Maman alikuwa amesimama mlangoni kwake na beseni mkononi, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Kwetu, upande huu na ule wa mto Rusizi wa mpakani, watu hawacheki habari ya sumu. Mtu akikonda bila sababu, watu wanahesabu alikula kwa nani. Mwenye kukupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, na hilo ni adabu ya kawaida, kama salamu. Mgeni asiyejulikana ukoo wake, anayeishi peke yake, na chakula ndiyo kazi yake, hahitaji kufanya kosa lolote ili jina lake litajwe. Anatakiwa tu kuwa karibu.

Mama wa mwenzangu alikuja kutoka Rwimbogo na kapu la viazi. Alimkuta mwanawe amelala mchana, midomo imekauka. Hakuketi. Aliuliza tunakula nini, nani katufundisha, nani katupa mafuta. Mwanawe alimjibu kila kitu kwa uaminifu, kama mtu anayejibu daktari. Yule mama akaichukua chupa ya mawese, akatoka nayo uani, akaimwaga yote kwenye mtaro mbele ya watu.

“Nina mtoto mmoja,” akasema kwa sauti kubwa, kwa Kinyarwanda, akitazama mlango wa ng'ambo. “Mmoja tu. Anayetaka kunimalizia ajue nimemjua.”

Maman alitoka. Alikuwa na mandazi kwenye kitambaa. Alichukua andazi moja, akaling'ata, akatafuna polepole mpaka likaisha, akanyoosha mkono na mengine. Yule mama akageuza uso. Fundi wa kushona akamvuta binti yake ndani akafunga mlango.

Mzee mwenye nyumba aliitwa. Alikuwa mtu wa Kamembe, mwenye kofia na maneno ya taratibu, na hakupenda fujo kwenye nyumba yake. Aliwasikiliza wote, akakuna ndevu.

“Mimi sisemi ni wewe, Maman,” alisema. “Lakini huyu kijana akizidi, utahama. Sitaki polisi hapa, sitaki maiti hapa.”

“Niende wapi, Mzee?”

“Hilo sijui. Mungu ndiye mwenye kujua.”

Tangu siku hiyo kila aliyeishi uani pale alijua afya ya mwenzangu imebeba nini. Akipona, Maman anabaki. Akizidi, Maman anafukuzwa, na kwa kuwa jina la namna hiyo hutembea kabla ya mwenyewe, hapana mahali pengine Kamembe ambapo angeuza hata andazi moja. Nilimwona akimtazama mwenzangu anapokwenda kuteka maji. Alimtazama jinsi anavyoweka miguu.

Mama wa mwenzangu alimchukua mwanawe kwenda Rwimbogo kwa mtaalamu wa kutapisha. Alinyweshwa dawa ya majani, akatapika vitu vya kijani, akaambiwa sumu imetoka. Alikaa huko kwenye upepo wa mlimani, jiko la mama yake likiwa kibanda cha nje kisicho na mlango, na baada ya siku chache alirudi na mashavu yaliyojaa. Alikuwa akitembea haraka, akicheka. Uani hapakuwa tena na wa kubisha. Amelishwa sumu, akatapishwa, akapona: ushahidi gani mwingine mtu angetaka?

“Sasa sikilizeni,” mama yake, aliyemrudisha, alituagiza kabla ya kupanda pikipiki. “Mtapika ndani, mvua au jua. Mlango mfunge. Dirisha mfunge. Mkono wa mtu usipite juu ya sufuria yenu. Na yule akija kusalimia, msalimieni mkiwa nje.”

Tukamtii. Hata jua lilipotoka tulipika ndani. Mwenzangu alitundika kitenge cha zamani kwenye dirisha ili mtu asichungulie, na kwenye mlango akaweka komeo la chuma. Nilisema mara mbili tatu kwamba Maman hana sababu ya kutudhuru. Alinijibu, “Hata mimi nampenda. Lakini wewe ndiye uliyesema siku za mkate hatuumwi.”

Kichwa kilirudi. Safari hii kilirudi kwa kasi. Alianza kusahau maneno, akaniuliza kitu na kuniuliza tena. Mwenzangu aliandika ujumbe kwa mama yake: wameipata njia nyingine. Pengine wanairusha sumu juu ya paa, mama akajibu, au wameipaka kwenye komeo. Basi tukawa tunafuta komeo kwa majivu kabla ya kulishika. Tulisoma chuo, tulijua kuandika ripoti, na tulifuta komeo kwa majivu.

Maman hakuwa akija tena kwetu. Lakini alasiri moja, mimi nikiosha sufuria kwenye bomba, alipita karibu akasema bila kugeuza kichwa, “Maharagi yenu inanuka muzuri. Mulijifunza.” Akaendelea.

Ilikuwa Jumapili mvua ilipoanza kabla ya sala ya mchana. Mwenzangu alikuwa amebandika maharage tangu asubuhi na kulala na kitabu kifuani. Alinituma nyanya. “Nitafunga komeo,” akasema. “Ukirudi gonga kwa nguvu.” Nilisikia chuma kikiingia nyuma yangu. Dukani mvua ikawa kubwa, nikasimama chini ya bati na vijana wa pikipiki, tukazungumza mpira, tukazungumza habari ya mpaka uliofungwa na kufunguliwa. Mvua ilichelewa kupungua.

Niliporudi niligonga. Harufu ya maharage ilikuwa imeiva, ile harufu tamu ya mchuzi ulioanza kuwa mzito. Niligonga tena. Niliita. Nikaenda dirishani nikaita tena, kitenge hakikutikisika. Fundi wa kushona akatoa kichwa. “Amelala huyo,” akasema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Maman alitoka na mchi wake wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Alinisukuma pembeni kwa bega, akapiga mlango pale komeo lilipo, akapiga, akapiga, mpaka ubao ukapasuka na gunia likaburutwa na mlango ndani. Joto lilitoka kama la tanuru. Mwenzangu alikuwa sakafuni kando ya mbabura, kati ya kitanda na mlango. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mekundu ya kupendeza, ya mtu mwenye afya. Sijapata kuona rangi iliyoniogopesha kama ile.

Maman alimshika kwapani akaanza kumburuta nje, kwenye mvua.

“Asimguse!” fundi wa kushona alipiga kelele. “Mwondoeni, asimguse!”

Watu wa nyumba za jirani walikuwa wamekwisha kukusanyika. Kijana mmoja alimvuta Maman kwa kitenge cha kiunoni. Hakumwachia mgonjwa. “Munipige kiisha,” alisema. “Kwanza huyu mutoto apate pumzi.” Walimwachia, au pengine waliona kifua cha mwenzangu kikipanda. Mvua ilimpiga usoni akakohoa. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, na kichwa chake kikanigonga bega njia nzima hadi hospitalini.

Muuguzi aliyetupokea hakuuliza alikula nini. Aliniangalia, akainusa nguo yangu. “Mnapikia ndani?” Nikasema ndiyo. “Makaa? Mlango umefungwa?” Nikasema ndiyo. Akaita wenzake wakamvika mwenzangu barakoa ya hewa, na wakati ule ule, mikono ikifanya kazi, akanieleza. Makaa yanayowaka chumbani bila hewa hutoa kitu kisichoonekana wala kunuka, kinachukua nafasi ya pumzi katika damu. Kichwa kinauma, tumbo linakataa, miguu inakufa. Ukitoka nje unapona. Ukirudi kinarudi. Kila alichotaja nilikuwa nimekwisha kukiona na kukipanga, hili lifuate lile.

“Mngechelewa kidogo tu ungekuwa unaniuliza mochwari iko wapi,” akasema. “Nani aliyemtoa?”

Nikamwambia.

Mwenzangu alilazwa, akapona. Nilirudi uani nikaeleza chumba kwa chumba, nikaeleza barabarani, nikaeleza kwa mzee mwenye nyumba, ambaye alikuna ndevu akasema, “Alhamdulillahi, basi Maman abaki.” Akaleta mabati, akatujengea kibanda cha kupikia uani. Fundi wa kushona alisikiliza akiitikia kwa kichwa, akakubali kila neno. Kesho yake nilimwona akimtuma binti yake kununua mandazi kule juu, karibu na stendi.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemtukana Maman tena. Walimsalimia. Vijana wa pikipiki walimsalimia, wauguzi wa zamu walimsalimia wakapita. Alikaa na beseni lake kando ya barabara mpaka jua likawa kali, akarudi nalo likiwa na uzito ule ule. Sisi wawili tulinunua tulichoweza, tukala mandazi asubuhi na mchana, lakini wateja wawili hawamlipii mtu chumba. Mwenzangu alitaka kusimama pale awaambie watu. Maman akakataa. “Ukisimama, batakumbuka zaidi.”

Siku aliyoondoka hakuaga uani. Tulimsindikiza sisi wawili hadi mpakani, Rusizi ya Kwanza, mmoja na gunia, mmoja na karai la kukaangia. Wachukuzi walikuwa wachache, wamekaa juu ya mizigo yao wakitazama ng'ambo. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumesikia milio ya risasi kutoka upande ule.

“Kuko salama kule, Maman?” nikamuuliza.

“Kule banajua mandazi yangu,” akasema. Akamtazama mwenzangu kutoka kichwani hadi miguuni. “Wewe, lengalenga unaipika sana. Unaua mboga.” Kisha akajitwika gunia, akashika karai, akaingia kwenye foleni.

Mama wa mwenzangu alikuja mwishoni mwa mwezi huo. Tulimpikia sisi wenyewe, kwenye kibanda: maharage kwa mawese, lengalenga, bugali uliosimamisha mwiko. Alikula kwa furaha, akatusifu, akasema hajawahi kuona wavulana wa namna hii. Nilimweleza tena habari ya makaa, polepole, jinsi muuguzi alivyonieleza.

“Makaa yapo tangu nizaliwe,” akasema.

“Kwako unapika kwenye kibanda kilicho wazi, Mama.”

“Hm.” Akatazama mlango wa ng'ambo, ambao sasa ulikuwa na kufuli ya mwenye nyumba. “Na yule yuko wapi?”

Fundi wa kushona alijibu kabla yetu. “Kahama. Kavuka.”

Yule mama akalamba kidole, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolingoja siku nyingi. “Mnaona? Kama hakufanya kitu, angekimbia nini?”

Mwenzangu aliweka tonge chini, akainuka, akatoka nje ya ua. Mimi nikamwongezea mama yake maharage, kwa kuwa sahani yake ilikuwa tupu na mwiko ulikuwa mkononi mwangu.